Malindi, Watamu au Lamu: pa kuwapeleka watoto likizo hii

Likizo ya shule ikikaribia, kundi la familia kwenye WhatsApp huanza kugawanyika. Shangazi ameona picha za Shela, kule Lamu, na hataki kusikia kwingine. Kaka mkubwa anataka Malindi kwa sababu gari litafika hadi mlangoni. Watoto, ambao ndio wenye likizo, wanataka kasa, kima na bwawa la kuogelea, na hawajali kipi kitangulie. Hatimaye mmoja hutuma picha za nyumba yenye bwawa la samawati, mwingine hutuma arubuni kwa M-Pesa, na wote hubaki wakiomba dua.

Naandika nikiwa mwenyeji wa Malindi, kwa hivyo upendeleo ukijipenyeza mtanivumilia. Ninachotaka kusema ni kimoja. Pwani hii haina mahali pasipo na adha. Maji ya kisima yenye chumvi, stima kukatika, punda kulia saa tisa za usiku, kima kuingia jikoni, mojawapo litakufikia. Picha zote ni nzuri, kwa hivyo hazikusaidii kuchagua. Kinachosaidia ni kujua adha ipi familia yako inaiweza, na watoto wako wanataka kumwona mnyama gani.

Vituo hivi vitatu nitavipima kwa mambo matano: safari ya kufika, malazi na yanayoharibika ndani yake, bahari kwa mtoto, wanyama, na pesa pamoja na chakula. Ninaposema Malindi nina maana ya mji wenyewe pamoja na fuko za Silversand na Casuarina. Watamu iko kilomita 20 hivi kusini, na wageni wengi huihesabu kuwa ni Malindi hiyohiyo, lakini bahari yake na nyumba zake ni tofauti vya kutosha kupewa nafasi yake. Lamu nayo ni kisiwa cha Amu, yaani mji wa kale na Shela, pamoja na Manda iliyo ng'ambo.

Kwanza tazama kalenda

Shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti, na kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba hadi mapema Januari. Kila likizo ina upepo wake. Aprili ni masika, na kusi ndiyo inaanza kuingia. Agosti kusi imeshika: jua si kali, bahari imechafuka, mwani umetapakaa ufukweni, na kuna siku manahodha hawatoki. Desemba ni kaskazi: joto, bahari tulivu, na bei zimepanda kila mahali kana kwamba wenye nyumba wamekubaliana.

Kuna jambo ambalo wanaotangaza nyumba hawalitaji. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi kisha Galana, humwaga udongo baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kusi ikivuma, udongo ule husukumwa upande wa kaskazini. Kaskazi ikivuma, hurudi kusini hadi ndani ya ghuba ya Malindi. Kwa hivyo mvua za vuli zikinyesha bara, maji ya mbele ya mji yanaweza kuwa ya kahawia mwezi wa Desemba, siku ileile ambayo Watamu maji ni maangavu. Ni udongo uliosombwa mashambani huko bara. Mtoto ataruka mawimbi kama kawaida, ila usimnunulie miwani ya kutazama samaki ukatarajia aone kitu. Agosti mambo hugeuka: maji ya Malindi huwa na udongo mdogo zaidi, lakini mawimbi ni makubwa, kwa kuwa ghuba ile ina uwazi kwenye mwamba unaopitisha nguvu za bahari.

Kufika

Malindi ndiyo nyepesi. Kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi za lami, matatu haziishi, na uwanja wa ndege uko karibu na mji. Wanaotoka Nairobi kwa SGR, treni ya Nairobi hadi Mombasa, wanapaswa kutazama saa. Ukipanda treni ya alasiri utashuka Miritini usiku, na mbele yako bado kuna foleni ya Mtwapa na saa kadhaa za barabara ukiwa na watoto waliokwisha lala. Panda ya asubuhi.

Kwa Watamu njia ni hiyohiyo, ila unakata kulia ukifika Gede na baada ya kilomita chache uko baharini. Kutoka uwanja wa ndege wa Malindi ni teksi tu.

Lamu ndiyo inayotaka moyo. Kwa ndege unatua Manda, kisha unavuka kwa boti, na watoto huipenda sehemu hiyo kuliko ndege yenyewe. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi, kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti. Barabara sasa ni ya lami, lakini vizuizi vya polisi ni vingi, kwa hivyo kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi, na safari iwe ya mchana. Mto Tana ukifurika barabara inaweza kukatika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023. Botini vaeni majaketi ya kuokolea hata kama nahodha hajasema, na umtake akuletee ya saizi ya mtoto. Ukishuka gatini, mizigo hubebwa na hamali au punda. Magari karibu hayapo kisiwani, ingawa bodaboda siku hizi zipo, na mama aliyeambiwa "Lamu hakuna cha kumgonga mtoto" aliambiwa habari za zamani.

Malazi, na yanayokwenda mrama

Hapa ndipo likizo nyingi hupona au huharibika, basi nitakaa kidogo.

Nyumba nyingi za kupangisha Malindi zilijengwa na Waitaliano: bustani, bwawa, paa la makuti, baraza pana, na mara nyingi mpishi anayekuja na nyumba. Kwa familia ya watu kumi wanaogawana gharama, ni vigumu kupata nafasi kama hiyo kwingine. Tatizo ni kwamba nyumba hizi hukaa zimefungwa miezi mingi. Mwenyewe yuko Ulaya, keyateka yuko peke yake, na bwawa lililokuwa samawati pichani linaweza kuwa kijani siku ya kuwasili kwako. Friji ina harufu. Makuti makuukuu humwaga vumbi na wadudu juu ya shuka, na mvua ikinyesha yanavuja mahali usipotegemea, kwa kawaida juu ya kitanda cha bibi. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, na mtoto mwenye pumu ya ngozi atajikuna usiku kucha. Tena mabwawa mengi hayana uzio. Mwenye mtoto wa miaka miwili akipewa nyumba yenye bwawa lisilo na uzio, mzazi mmoja atakuwa kazini likizo nzima.

Adha kubwa zaidi ya Malindi, hata hivyo, ni ya mawakala. Binamu yangu aliwasili Desemba moja, usiku, akiwa na watoto na mama mkwe, akakuta geti liko wazi na familia nyingine iko mezani inakula. Wakala alikuwa ameipangisha nyumba mara mbili. "Usijali dada'ngu, nina nyingine nzuri kuliko hiyo," alimwambia kwa simu. Hiyo nzuri zaidi ilikuwa mbali na bahari, na haikuwa na stima. Mama mkwe aliketi juu ya sanduku lake pale barazani na kusema haondoki mpaka pesa irudi. Ilirudi nusu. Walilala katika nyumba ya wageni ya mjini, chumba kimoja, feni moja, na watoto mpaka leo wanasema huo ndio usiku waliocheka kuliko yote.

Watamu ina mchanganyiko: hoteli za ufukweni, vyumba vya kupangisha vyenye kiyoyozi, na nyumba ndogo ndogo ndani ya bustani. Kwa jumla mambo hufanya kazi zaidi kuliko Malindi, labda kwa sababu nyumba zinatumiwa mara nyingi zaidi. Adha ya hapa ina mkia. Kima wa Watamu wanajua saa ya kifungua kinywa kuliko mpishi. Ukiacha dirisha la jikoni wazi, mkate umekwenda, ndizi zimekwenda, na sukari imemwagika sakafuni. Watoto hufurahi siku ya kwanza na huwatupia maganda. Siku ya pili kima dume anamfuata mdogo wao aliyeshika biskuti, na furaha inageuka kilio. Msiwalishe, hata kama jirani analisha. Mnyama aliyezoea kulishwa ndiye anayekuja kung'ata.

Mengine ya Watamu ni madogo. Agosti, nyumba iliyo mbele kabisa ya ufuko hupata harufu ya mwani unaooza, wakati iliyo nyuma kidogo haiipati. Nyumba zilizo karibu na hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia bara, zina mbu wengi, basi kagua chandarua kabla giza halijaingia. Uliza pia njia ya kufika majini, kwa kuwa "mita mia tatu kutoka baharini" inaweza kuwa mita mia tatu za ukuta wa hoteli ya mtu mwingine.

Lamu ndiyo yenye nyumba za kupendeza kuliko zote, na hilo nalisema nikiwa Mmalindi. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati, zidaka za kuwekea vitu ukutani, na darini kivuli cha makuti ambapo upepo haukatiki. Lakini nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya mtoto anayetambaa. Ngazi ni za mawe, nyembamba, zimesimama wima, na mara nyingi hazina cha kushika. Ukuta wa darini pengine hauzidi kiuno cha mtu mzima. Mwenye watoto chini ya miaka mitano aombe chumba cha chini, hata kama kina joto zaidi, na aulize waziwazi kama ngazi zinaweza kuzibwa kwa mbao.

Halafu kuna sauti. Misikiti ya mji wa kale ni mingi na inakaribiana, kwa hivyo adhana ya alfajiri haikuiti mara moja. Punda huanza kabla yake. Wapo wageni wanaolalamikia hili, na sijui walitarajia nini katika mji wa Waislamu unaobeba mizigo kwa punda. Mwenye usingizi mwepesi akae Shela, ambako kumetulia kiasi.

Maji ya Amu hutoka kwenye visima vilivyo kando ya michanga mirefu ya Shela. Mchanga ule huchuja mvua na kuihifadhi, na ndiyo sababu wenyeji hukasirika wakisikia mtu anataka kujenga juu yake. Katika nyumba, maji hupandishwa darini kwa pampu. Stima ikikatika, pampu imelala, na ukichelewa kujaza ndoo mtaoga kwa kikombe. Muulize mwenye nyumba tangi lake linatosha watu wangapi kwa siku moja bila stima. Asiyejua jibu hajawahi kuwa na wageni wengi.

Mtego wa mwisho wa Lamu ni wa ramani. Nyumba inatangazwa kuwa "Lamu", kumbe iko Manda, au Kipungani upande wa pili wa kisiwa. Zinaweza kuwa nzuri sana, tulivu, ufuko wenu peke yenu. Ila kila mkate, kila dawa, kila chajio cha mjini ni boti, na boti ya usiku hugharimu zaidi. Hospitali ya kaunti ya King Fahd iko mjini Amu. Homa ya mtoto ikipanda saa sita za usiku, ndipo utajua umepanga wapi.

Popote uendako, kabla ya kutuma arubuni mpigie mwenye nyumba kwa video. Mwombe afungue bomba ukiona, aingie jikoni, kisha atoke na atembee hadi majini bila kukata simu. Anayepangisha nyumba isiyokuwepo, au ya mwenzake, atasema mtandao ni mbaya. Pesa itumwe kwenye nambari ya biashara yenye jina linaloeleweka, na makubaliano ya kurudishiwa yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu tu.

Bahari kwa mtoto

Ufuko wa mji wa Malindi ni mpana na wa mchanga laini wenye chembe zinazometa juani. Unafaa kwa mpira, kwa kukimbia, na kwa vijana wanaopenda kupigwa na mawimbi Julai na Agosti. Kwa mdogo asiyejua kuogelea, Silversand na Casuarina ni afadhali, kwani mwamba unazuia mawimbi.

Watamu ina ghuba zilizokingwa na visiwa vidogo vya mawe, na maji yakipwa hubaki vidimbwi vya uvuguvugu ambamo mtoto wa miaka mitatu anaweza kukaa saa mbili akifukuza kaa. Hapa ndipo pazuri kuliko kote kwa wadogo. Angalizo ni saa ya maji. Watu hutembea hadi kwenye mafungu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, wanajisahau kwa kupiga picha, na bamvua hujaa haraka kuliko wanavyodhani. Muulize mvuvi yeyote saa ya kujaa. Atakwambia bila kutazama simu. Wavisheni viatu vya plastiki vya kufunga, kwa maana kwenye mawe wapo viumbe wa miba mirefu mieusi, na kumtoa mtoto mwiba ule ni kazi ya jioni nzima.

Shela ina ufuko wa kilomita 12 hivi, na hauna msongamano hata Desemba. Karibu na kijiji maji ni tulivu. Kadiri unavyokwenda mbali, unakabiliana na bahari kuu isiyo na mwamba wa kuizuia, na mkondo wake wakati wa kusi si wa kuchezewa. Usitegemee kukuta mwokoaji. Kivuli nacho hakuna, kwa hivyo kwenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi ni lazima kwa mwenye watoto.

Wanyama

Hapa tofauti ni kubwa kuliko popote, na ndipo watoto wanapostahili kura.

Faida ya Malindi ni Tsavo Mashariki. Lango la Sala liko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa mji, na familia inayoondoka saa kumi na moja alfajiri inaweza kuona ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo, twiga, punda milia, pengine simba, na kurudi kulala ikisikia bahari. Inawezekana kwa siku moja, lakini ni siku ndefu. Kwa watoto walio chini ya miaka sita ningesema laleni huko usiku mmoja au msiende kabisa, kwa sababu mtoto aliyechoka hamtazami ndovu, anauliza maji. Wasiotaka safari hiyo waende mlango wa Sabaki, kaskazini kidogo ya mji, wakiongozwa na kijana wa hapo. Kuna viboko na ndege wengi wa majini, na jioni ni nzuri mno. Viboko watazamwe kwa mbali. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, hutembelewa kwa boti zenye kioo chini kutoka Casuarina, na maji yakiwa yamekupwa ndipo samaki huonekana vizuri. Kumbuka lile la udongo wa Sabaki ukipanga Desemba.

Watamu haina simba, lakini kwa watoto wadogo naona ndiyo tajiri zaidi, kwa kuwa kila kitu kiko karibu na hakuna safari ya zaidi ya nusu saa. Anzieni Gede. Magofu ya mji ule wa Waswahili, uliohamwa miaka mia kadhaa iliyopita, yamemezwa na mibuyu na mikuyu, na kima wanapita juu ya kuta za msikiti. Hapohapo uwanjani kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao hununua pupa za vipepeo, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, kutoka kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu na kuziuza nje, ili mwanakijiji apate riziki msitu ukiwa umesimama. Mtoto ataona kipepeo akitua begani kwake, na mtu mzima ataona hesabu inayoeleweka.

Ng'ambo ya barabara kuu ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi. Chukueni mwongozaji, mwingie alfajiri. Ndovu wamo lakini wana haya. Mtaona kinyesi chao zaidi ya wao wenyewe, jambo ambalo kwa wavulana wa miaka minane linatosha kabisa. Mwenye bahati humwona sange wa makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua inayochezacheza, ambaye makazi yake makubwa duniani ni msitu huu. Yumo pia bundi wa Sokoke, mdogo asiyefika shubiri moja, ambaye waongozaji humjua mti anaolala.

Hori ya Mida ina mikoko, daraja la mbao la kutembea juu yake, na ndege wahamiaji kuanzia karibu Septemba hadi Aprili. Upande wa Dabaso utapata sambusa za kaa katikati ya mikoko, na sidhani pana mahali bora pa kumalizia siku. Kisha kuna kasa. Watu wa Local Ocean Conservation huitwa na wavuvi kasa akinasa wavuni kwa bahati mbaya. Humpima, humwekea alama na kumrudisha baharini, au humtibu kama ni mgonjwa. Kituoni kwao mtoto anaweza kumwona kasa aliyemeza plastiki, na somo hilo halihitaji mzazi kuongeza neno. Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita nje ya mwamba, kwa hivyo Agosti, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, ina fidia yake. Ila kusi ikichafuka boti hutikisika sana, na mwenye tumbo jepesi ataona nyangumi kupitia machozi.

Lamu si mahali pa safari ya mbuga, na anayekuuzia hivyo anakudanganya. Hata hivyo mtoto wa mjini atagusa wanyama wengi zaidi Amu kuliko Tsavo. Punda wako kila kichochoro, na hospitali yao ipo pale mbele ya mji, ambapo mtoto anaweza kuona punda akifungwa kidonda. Paka ni wengi wasiohesabika. Watu hupenda kusema wametokana na paka wa Misri, na paka wenyewe hawakatai. Kwa jahazi mnaweza kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto kutazama samaki, na pomboo wakijisikia hufuata njia hiyohiyo, au mkapita kwenye mikoko hadi magofu ya Takwa, yanayofikika maji yakiwa yamejaa tu. Hifadhi ya Kiunga, yenye kasa na nguva wachache waliobaki, iko mbali upande wa mpaka na inataka mipango na kuulizia usalama kwanza. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeiacha.

Ada za KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, za Tsavo na za hifadhi za bahari, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu langoni. Lipeni mkiwa na mtandao mzuri, na wananchi wabebe vitambulisho ili walipe kiwango chao.

Pesa na chakula

Malindi ndiyo inayobana mfuko kidogo kuliko zote. Tuktuk ni rahisi, soko ni kubwa, mahamri na mbaazi asubuhi, samaki wa kupaka mchana, na kwa hisani ya Waitaliano kuna pizza na aiskrimu za kumnyamazisha mtoto yeyote. Watamu ni ghali zaidi, hasa mikahawa ya ufukweni, ingawa ukipanda tuktuk hadi Gede utanunua matunda kwa bei ya wenyeji. Lamu gharama hujificha kwenye boti: kila mnakokwenda mnapatana upya, basi tafuteni nahodha mmoja mwaminifu siku ya kwanza na mpatane naye kwa siku zote. Chakula cha mpishi wa nyumba, mkimpa pesa ya soko asubuhi, hakina mfano. Mjini Amu vaeni kwa heshima, nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na mzazi anayetaka bia yake ya jioni atahangaika kidogo mwezi wowote.

Nani aende wapi

Wenye mtoto anayetambaa au wa chini ya miaka minne, Watamu ndiyo itakayowachosha kidogo kuliko zote, katika nyumba ya chini isiyo na bwawa au yenye bwawa lililozungushiwa uzio. Mvumilie kima na bei.

Ukoo mzima wa watu kumi na wawili, mabibi, mashangazi na vijana, mtapata nafasi Malindi kwa pesa mtakayoimudu, hasa kama mmoja wenu yuko tayari kwenda siku moja mapema kukagua nyumba na kuonja maji. Ndiyo pia ya wanaoota simba, wakiongeza usiku mmoja Tsavo.

Watoto wa miaka kumi na kuendelea, wanaopenda kusoma, kutembea na kuuliza maswali, wapelekeni Lamu. Watajifunza kutweka tanga, watapotea Mkomani, mtaa wa mji wa kale, na kurudishwa na mzee aliyeketi barazani, na hawatakumbuka kuwa hapakuwa na bwawa. Mgonjwa wa magoti asiende, au akae chumba cha chini karibu na gati.

Likizo ikiwa Agosti na mna hamu ya nyangumi, ni Watamu, mkijua kuogelea kutapungua. Ikiwa Desemba na mnataka maji maangavu, Watamu au Lamu, na nyumba ilipwe mapema. Malindi Desemba ni ya wanaopenda mji wenye shangwe na wasiojali rangi ya maji. Aprili mvua ni bahati nasibu kote. Ningechagua Malindi, kwa sababu siku ya kunyeshewa mjini ina mahali pa kwenda, na kwa sababu barabara ya Garsen mwezi huo haina ahadi.

Wenye siku kumi au zaidi wanaweza kuunganisha viwili. Anzeni Lamu, mmalizie Watamu au Malindi, wala si kinyume chake. Mto ukikata barabara siku ya kurudi, viti vya ndege vya Manda ni vya kugombania, na shule inafunguliwa Jumatatu.